Usiku Arsenal walipoiombea Spurs: uchambuzi wa kisa cha banda moja la mpira Eastlands

Kisa hiki kilitokea Mei 2024 katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Mtaa, banda na watu wote nimewaondolea majina, na kazi za watu wawili nimezibadilisha ili wasitambulike. Mechi, tarehe na alama za Ligi Kuu ya Uingereza ni zilezile. Mimi niliitwa baadaye, mambo yalipokuwa yameshaharibika, nikamsikiliza kila mhusika peke yake na kusoma ujumbe wa WhatsApp walioniruhusu kuusoma. Nawaandikia wenyeviti wa vikundi vya mashabiki, maadimini na wenye mabanda, kwa sababu hali ya namna hii hurudi kila ligi inapobana mwishoni mwa msimu, na mara nyingi huwakuta watu hawajajiandaa.

Usuli

Banda lenyewe ni la mabati, lina skrini mbili, viti vya plastiki mbele na mabenchi nyuma. Kiingilio cha mechi kubwa ni shilingi 50. Mwenye banda ni mama ambaye wateja wote humwita Mama, hata waliomzidi umri. Vikundi viwili vya mashabiki vina makao yao pale. Cha Arsenal kina watu wapatao sitini. Cha Spurs, yaani Tottenham, wapinzani wa jadi wa Arsenal huko London, kina watu 17, na kwa Nairobi hao si wachache, maana shabiki wa Spurs katika mji huu huulizwa kila mara alifikaje huko.

Vikundi hivi viwili haviishi kwa utani peke yake. Vina mfuko mmoja wa pamoja, wa mashindano ya watoto ya kila Agosti na wa michango ya matanga. Mfuko huo ulikuwa mikononi mwa mweka hazina wa Spurs, na Arsenal ndio waliompendekeza kwa sababu hesabu zake hazijawahi kupinda. Mafuriko yalipoipiga Nairobi Aprili 2024 na nyumba za kando ya mto zikasombwa, watu hawa walibeba magodoro pamoja, wakakusanya unga na blanketi pamoja. Nalitaja hili mapema kwa sababu msomaji anayesikia tu kwamba viti vilirushwa anaweza kudhani hawa walikuwa maadui.

Jambo la pili la kulijua ni dabi ya Aprili 28. Arsenal walishinda 3-2 nyumbani kwa Spurs, na kufikia mapumziko walikuwa mbele 3-0. Jioni ile vijana wa Arsenal walitengeneza jeneza la katoni, wakaliandika jina la Spurs, wakalitembeza kutoka bandani hadi stejini wakiimba nyimbo za matanga. Huo ni utani wa kawaida Nairobi. Lakini mmoja wa mashabiki wa Spurs, fundi wa magari, alikuwa amemzika baba yake mwezi uleule. Wana-Arsenal walikuwa wamechanga kwenye mazishi hayo, na wengine walisafiri naye hadi kijijini. Hakuna aliyekumbuka wakati jeneza linapita mbele ya gereji yake. Yeye hakusema neno, na walichukulia kimya chake kuwa amekubali kushindwa.

Hesabu ilivyokuwa

Jumapili ya Mei 12 Arsenal waliifunga Manchester United 1-0 Old Trafford, wakafikisha alama 86 huku wakibakiwa na mechi moja. Manchester City walikuwa na 85, na mechi mbili. Ya kwanza kati ya hizo mbili ilikuwa ugenini kwa Tottenham, Jumanne ya Mei 14, saa nne usiku kwa saa zetu. City wakishinda, wangeongoza kwa alama mbili na kubakiza West Ham nyumbani. Wakitoka sare, wangelingana na Arsenal kwa 86, lakini Arsenal walikuwa mbele kwa tofauti ya mabao, 61 dhidi ya 58.

Kwa hiyo Arsenal, ambao hawakuwa wametwaa ligi tangu 2004, walihitaji msaada wa Spurs kuliko timu nyingine yoyote duniani.

Na Spurs nao walikuwa na lao. Walikuwa na alama 63 na mechi mbili. Aston Villa, waliokuwa nafasi ya nne, walitoka sare 3-3 na Liverpool Jumatatu usiku na kufikisha 68, wakibakiwa na safari ya Crystal Palace. Spurs wakizishinda zote mbili wangefikisha 69. Villa wakipoteza kwa Palace, Spurs wangeingia Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sare na City isingewasaidia kitu, maana wangeishia 67. Kwa shabiki wa Spurs, sare ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote: inaua nafasi ya nne na bado inawaacha Arsenal kileleni. Shikilia jambo hili, kwa sababu katika mabishano ya siku mbili zilizofuata ni mtu mmoja tu aliyeligusa.

Mabishano

Yalianza Jumapili usiku, filimbi ya Old Trafford ikiwa bado masikioni. Fundi aliandika kwenye kikundi cha Spurs kwamba Jumanne yeye ni City. Wengine wakaitikia haraka, wakinukuu ule msemo wa adui mwombee njaa. Hoja yao ilikuwa wazi. Spurs walikuwa wamepoteza mechi nne mfululizo kabla ya kuifunga Burnley, kwa hiyo nafasi ya nne imeshakwenda. Kilichobaki ni kuzuia miezi mitatu ya kusimangwa stejini, kazini, kanisani na kwenye matatu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama upande wa pili. Aliwawekea hesabu niliyoieleza hapo juu, akaongeza mambo mawili. Kwanza, City hawakuwa wamewahi kufunga hata bao moja la ligi katika uwanja mpya wa Tottenham. Pili, Palace ya kocha Oliver Glasner ilikuwa imewaka moto. Mei 6 ilikuwa imeicharaza Manchester United 4-0. Hakuna aliyemjibu kwa hesabu. Walimjibu kwa jeneza.

Mzee wa kikundi, ambaye kwenye ligi ya nyumbani ni shabiki wa AFC Leopards, alituma ujumbe wa sauti. Alisema Ingwe, yaani Leopards, haijabeba ligi tangu 1998, na miaka yote hiyo amewatazama Gor Mahia wakizidi kujaza kabati. Amewaombea hao K'Ogalo mabaya mpaka amechoka, ila hajawahi kuiombea Ingwe ifungwe ili Gor ikose. “Siwezi kukaa uwanjani nimevaa jezi yangu nikisubiri igongwe. Nitakuwa nimevaa ya nini?” Ujumbe ule ulisikilizwa na wote, na kwa kuwa ni mzee hakuna aliyempinga. Hakuna aliyebadili msimamo pia.

Jumatatu usiku mweka hazina alifungua kura ya WhatsApp. Swali lilisema: “Kesho tunataka nini?” Jibu la kwanza: Spurs ishinde. La pili: Arsenal ikose kombe. Watu 9 walichagua la pili, 5 la kwanza, 3 hawakupiga.

Uamuzi wa mwenyekiti

Mwenyekiti wa Spurs alikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza ni ile kura. La pili ni simu aliyopigiwa Jumanne asubuhi na mwenzake wa Arsenal, aliyetaka kuwalipia kiingilio wote 17, shilingi 850 jumla, na kumnunulia kila mmoja soda. Aliomba pia picha ya pamoja, skafu mbili, kabla ya mechi. Maneno yake, kama mwenyekiti wa Spurs anavyoyakumbuka, yalikuwa: “Leo sisi ni wageni wenu, bosi. Tushikane mkono.”

Mwenyekiti alikubali kiingilio, soda na picha. Kuhusu kura alinyamaza. Kisha akawaagiza wanachama wake waende wote, wavae jezi, wasishangilie upande wowote, na Spurs ikifungwa mtu asicheke.

Nilimuuliza kwa nini. Alinipa sababu ambazo si za kipuuzi. Wangebaki nyumbani wangeitwa waoga. Kuishangilia City wazi ilikuwa aibu asiyoweza kuibeba, na kuishangilia Spurs ilikuwa kuipuuza kura ya wengi. Kuhusu soda, alisema kukataa mkono wa jirani wiki mbili baada ya kubeba naye magodoro kungekuwa utovu wa adabu. Alitumaini ukimya ungewapitisha usiku mmoja.

Usiku wa Jumanne

Banda lilijaa kabla ya saa tatu na nusu. Mama aliwaketisha Arsenal mbele na Spurs kwenye mabenchi ya nyuma, akaacha njia katikati, jambo alilojifunza kwenye dabi zilizopita. Picha ilipigwa. Kwenye picha hiyo, niliyoonyeshwa, watu wa Arsenal wanacheka na watu wa Spurs wanatazama pembeni.

Kipindi cha kwanza kilikwisha 0-0. Mashabiki wa Arsenal waliimba nyimbo za Spurs, tena kwa maneno yake sahihi, na kijana mmoja wa Spurs wa miaka 19 akajikuta anaimba nao kinyume na agizo. Dakika ya 51 Kevin De Bruyne wa City alipenyeza krosi ya chini na Erling Haaland akaimalizia. Fundi alisimama juu ya benchi akaanza kuimba kuwakejeli Arsenal, na wawili wakamfuata. Jijini London kwenyewe, baadhi ya mashabiki wa nyumbani walisikika wakifanya vivyo hivyo. Mstari wa mbele ukageuka. Mtu wa Arsenal aliyekuwa amebeba kreti ya soda kwa mkono wake akauliza kwa sauti, “Kumbe mmekunywa soda yetu mkituombea mabaya?” Hakuna aliyemjibu, na mwenyekiti wa Spurs alitazama chini.

Kisha dakika ya 86. Beki wa City, Manuel Akanji, alipokonywa mpira, ukamfikia Son Heung-min wa Spurs, naye akabaki na kipa peke yake. Kipa hakuwa Ederson, aliyekuwa ametoka baada ya kugongana na Cristian Romero. Alikuwa Stefan Ortega. Watu wote niliozungumza nao, wa pande zote mbili, walinisimulia sekunde zile kwa namna moja. Banda zima liliinuka. Viti vilisukumwa nyuma, mikono ikapanda, na sauti moja ikatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Fundi naye aliinuka, yule wa kwenye benchi, mdomo wazi, mkono wake umeshika bega la mtu wa mbele yake bila kujua ni wa nani. Ortega alinyoosha mguu, mpira ukamgonga na kutoka. Pep Guardiola, kocha wa City usiku ule, alionekana kwenye skrini amelala chali. Fundi alikaa polepole, akauondoa mkono wake kwenye bega lile. Lilikuwa la mtu wa Arsenal.

Bao la Son lingeleta 1-1, yaani ile sare isiyomfaa shabiki wa Spurs kwa lolote. Kwa hesabu ya kura, tisa walipaswa kukaa kimya wakiomba akose.

Dakika za nyongeza Pedro Porro alimwangusha Jeremy Doku na Haaland akapiga penalti ndani. 2-0. Wale watatu walirudia wimbo. Kiti cha plastiki kiliruka kutoka mbele, kikampiga juu ya jicho yule kijana wa miaka 19, ambaye muda wote alikuwa akiiombea Spurs. Mama alizima umeme kwenye swichi kuu, akafungua milango yote miwili, akasimama katikati ya ile njia aliyoiacha mpaka watu wakatoka.

Nje, kwenye mwanga wa kibanda cha chipsi, mtu aliona simu ya mweka hazina ikiwa na ujumbe wa malipo. Alikuwa ameweka mkeka wa kubeti wa shilingi 1,000, na City kushinda ilikuwa mechi ya mwisho ndani yake.

Matokeo

Kijana alishonwa nyuzi kliniki usiku uleule, na aliyelipa alikuwa mwenyekiti wa Arsenal. Kufikia asubuhi habari ya mkeka ilikuwa imefika kila ploti, na ilikuwa imekua: sasa ilisemwa kwamba mweka hazina aliinunua ile kura, kwamba Spurs wamekula pesa, kwamba hata mfuko wa pamoja umeingia kwenye bet. Arsenal wakautaka mfuko ukaguliwe. Ulikaguliwa, na hesabu zikakutwa kamili mpaka shilingi ya mwisho. Hata hivyo mweka hazina alijiuzulu, na michango ikasimama wakati familia za mafuriko bado zilihitaji kodi ya nyumba mpya.

Jumapili ya Mei 19, mechi zote zikichezwa kwa wakati mmoja, City waliifunga West Ham 3-1 na kumaliza na alama 91, wakawa timu ya kwanza Uingereza kutwaa ligi mara nne mfululizo. Arsenal waliifunga Everton 2-1 wakaishia 89. Spurs waliichapa Sheffield United 3-0. Na Villa, waliokuwa wamehesabiwa kuwa wameshamaliza kazi, walipigwa 5-0 na Palace. Spurs waliishia 66, Villa 68. Ushindi wa Jumanne ungewapeleka Spurs Ligi ya Mabingwa kwa alama moja.

Mwalimu hakuandika chochote kwenye kikundi siku ile, na wengi waliniambia ukimya wake uliwauma kuliko maneno.

Mashindano ya watoto ya Agosti hayakufanyika. Yalifanyika likizo ya Desemba.

Uchambuzi

Nianze na upinzani wenyewe, kwa sababu kuna watu waliosema kisa hiki kinaonyesha ujinga wa Mwafrika kugombana juu ya vitongoji vya London. Sikubaliani nao hata kidogo. Upinzani wa Spurs na Arsenal ulizaliwa London, lakini ule wa banda hili unaishi Eastlands. Atakayekucheka ni shemeji yako, ni kondakta wa matatu unayopanda kila siku, ni jirani mnayechota naye maji. Mtu anayepima maumivu hayo dhidi ya nafasi ya nne na kuona yanazidi hajakosa akili. Na hali hii si ya Nairobi peke yake. Mei 2010 mashabiki wa Lazio waliyashangilia mabao ya Inter dhidi ya timu yao wenyewe ili Roma wakose ligi. Mei 14, 1995, tarehe ileile kama mechi yetu, Liverpool waliikaribisha Blackburn huku ushindi wao ukiweza kuwapa Manchester United kombe. Liverpool walicheza, wakashinda 2-1, United wakatoka sare kwa West Ham, na Anfield ikawapigia makofi Blackburn wakibeba kombe. Wachezaji walifanya kazi yao na mashabiki wakapata walichokitaka, bila mtu kugeuka dhidi ya jezi yake.

Kosa la kwanza, kwa hiyo, silioni katika walichokitamani. Liko katika hesabu iliyotumika kukihalalisha. Waliichukua nafasi ndogo wakaifanya sifuri. Kila mtu alikuwa na haki ya kusema nafasi ya nne ni ngumu. Kusema imekwisha, wakati mwalimu ameweka takwimu mbele yao na hakuna aliyezipinga, ni kuchagua kwanza na kutafuta sababu baadaye. Mwenyekiti alipaswa kusimamisha mjadala pale na kuuliza swali moja: kama Jumapili Villa watapoteza, je, bado tutauona uamuzi huu ni sawa? Huenda tisa wangebaki tisa. Lakini Jumapili ingewakuta wameshalipima.

Kura ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kikundi kinaweza kupiga kura kuhusu kiingilio, mahali pa kukaa, nani ashike pesa. Hakiwezi kupiga kura kuhusu mtu atamani nini Son akibaki na kipa. Dakika ya 86 ilithibitisha hivyo kwa miili yao wenyewe, na simlaumu fundi kwa kuinuka wala kwa kuimba kabla yake. Vyote viwili vilikuwa vyake kweli. Kilicholeta madhara ni kuugeuza moyo wa watu tisa kuwa msimamo wa kikundi chenye watu 17. Wale watano walifika bandani wakihisi wamekatazwa kuipenda timu yao. Wale tisa walifika wakihisi wana ruhusa rasmi. Kijana aliyepigwa kiti alikuwa mmoja wa wale watano.

Kocha wa Spurs wakati huo, Ange Postecoglou, aliyekorofishana na shabiki mmoja nyuma ya benchi usiku ule, alisema baada ya mechi kwamba saa 48 zilizopita zimemwonyesha kuwa msingi wa klabu ni dhaifu. Wengi walimwona kama mtu asiyeelewa dabi. Mimi naona aligusa kitu halisi: wachezaji walicheza kwa nguvu na walikaribia kusawazisha, lakini uwanja wa nyumbani haukuwa nyuma yao, na faida ile haipatikani kwa agizo.

Sasa soda. Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenyekiti kabisa, ingawa namheshimu. Mtu akikulipia kiingilio ili muombe pamoja, na wewe unajua watu wako wengi wanaomba kinyume, una njia mbili za heshima. Unamshukuru na kulipa mwenyewe, au unamwambia ukweli: “Asante, lakini kwetu watu wamegawanyika, usishangae ukisikia kelele tofauti.” Mwenyekiti wa Arsenal aliniambia angeambiwa hivyo angecheka na bado angelipa. Ninamwamini. Kilichorusha kiti hakikuwa bao la Haaland, kwa maana Arsenal walikuwa wameshajiandaa kuumia. Kilirushwa na hisia ya kuchezewa. Ukimya wa mwenyekiti uliufanya wimbo wa watu watatu uonekane usaliti wa watu 17.

Kuhusu mweka hazina, sheria haikumkataza kubeti, na sina ushahidi wowote kwamba kura yake iliathiriwa na mkeka; aliuweka Jumatatu mchana, kabla ya sare ya Villa, na kura aliifungua kwa sababu kikundi kilikuwa kimechoka kubishana. Lakini mtu anayeshika pesa za watu wote hafai kuendesha kura kuhusu mechi aliyoiwekea pesa zake. Angesema tu, “Mimi nina bet hapo, mwingine aiendeshe,” jina lake lingesalimika. Mtaa ulipoteza mweka hazina mwaminifu kwa sentensi moja ambayo haikusemwa, na aliyechukua nafasi yake bado anajifunza kazi.

Palikuwa na mambo yaliyokwenda vizuri, na karibu yote yalikuwa ya Mama. Ile njia katikati ilizuia watu sitini wasiwafikie watu 17. Kuzima umeme kulikata kelele kabla ya kiti cha pili. Kufungua milango miwili kuliwapa watu pa kwenda. Kama una banda, hayo matatu yachukue yalivyo. Mwenyekiti wa Arsenal naye, kwa kulipa kliniki kabla ya kuulizwa nani alirusha, aliacha mlango wazi ambao baadaye tuliupitia.

Na tuliupitia kwa jambo ambalo halikuhusu mechi ya Jumanne hata kidogo. Tulipokaa pamoja, kikao cha kwanza kilizunguka kwenye soda na mkeka bila kufika popote. Mzee wa Spurs ndiye aliyesema, “Tuanze na jeneza.” Fundi alieleza alivyosimama mlangoni mwa gereji akisikia wimbo uleule ulioimbwa wakati baba yake anashushwa kaburini, ukiimbwa na watu waliokuwapo siku ile. Chumba kilinyamaza. Vijana waliotengeneza lile jeneza walikuwa hawajui kabisa. Walikwenda kwa mama yake fundi, na mwenyekiti wao, kuomba radhi kama inavyotakiwa. Kuanzia hapo mazungumzo kuhusu mfuko yalichukua nusu saa. Ninaamini kwa dhati kwamba kura tatu au nne kati ya zile tisa zilikuwa za jeneza, na kama lingezungumzwa Aprili, fundi angebaki shabiki wa kawaida mwenye kinyongo cha kawaida.

Mei 21, 2025 Spurs waliifunga Manchester United 1-0 Bilbao na kutwaa Ligi ya Europa, kombe lao la kwanza tangu 2008, wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa mlango huo. Fundi alimwambia mwalimu kwamba kama wangeifunga City usiku ule wasingekuwa kwenye mashindano hayo kabisa. Ni kweli. Lakini hakuna aliyelijua hilo Mei 2024, na uamuzi hupimwa kwa yale yaliyokuwa mezani siku ulipofanywa. Kwa kipimo hichohicho, 5-0 ya Palace haimfanyi mwalimu kuwa nabii. Kilichompa haki ni kwamba alihesabu wakati wengine wamekataa kuhesabu.

Kilichobadilishwa

Vikundi vyote viwili sasa vina kanuni za maandishi, ukurasa mmoja. Hakuna kura juu ya nani ashangiliwe. Anayeshika pesa za pamoja akiwa na bet kwenye mechi husema mapema na hukaa kando ya uamuzi wowote unaoihusu. Kiingilio hakilipwi na upande wa pili mechi ikigusa timu zote mbili. Majeneza yamepigwa marufuku bila ubishi. Mama huchukua amana ya shilingi 2,000 kwa kila kikundi usiku wa mechi kubwa, na huirudisha asubuhi viti vikiwa vizima.

Kifungu kimoja kimewashinda. Mwalimu alitaka iandikwe kwamba mwanachama akivaa jezi ya timu bandani asishangilie bao linalofungwa dhidi yake. Fundi alisema atavua jezi kabla hajaimba, lakini hatatia saini. Walikizungumza mara mbili, na mara ya pili mwenyekiti wao akaamua kisiingizwe.